Jiwe la Ukubwa wa Haragwe

Mimi ni mtu mzima, nina ndevu zenye mvi mbili tatu, na ninacheza na watu wa plastiki. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke yaishe. Hapa Nchiru nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapisha kazi za wanafunzi wa chuo. Chini ya kaunta, pale ambapo wenye vibanda wenzangu huweka thamosi ya chai, mimi nimeweka malori, ndege, ng'ombe na kikosi kizima cha wanajeshi wasio na mikono. Mwanafunzi akija kuchapisha tasnifu ananikuta nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, nampaka mtu nyusi, na inabidi asubiri zikauke.

Kazi hii inaitwa diorama. Unachukua ubao, unajenga juu yake kipande cha dunia, mto na barabara na watu na magari, halafu unafunika na sanduku la kioo ili vumbi na vidole vikae nje. Wengi hudhani ugumu wake ni zile rangi na vitu vidogo vidogo. Sivyo. Ugumu ni skeli, yaani kila kitu kimepunguzwa mara ngapi. Ukisema moja kwa thelathini na tano, mtu amepunguzwa mara thelathini na tano, amebaki na urefu wa njiti ya kiberiti. Wa moja kwa sabini na mbili ni nusu ya huyo, amelingana na kiungo cha kidole gumba. Wa moja kwa ishirini na nne ni jitu. Sasa viwanda vya modeli, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hupenda kutengeneza wanajeshi na malori kwa thelathini na tano, ndege kwa sabini na mbili, magari ya fahari kwa ishirini na nne, kisha wanakuachia wewe kazi ya kuwapatanisha.

Vitu vyangu vingi vinatoka kwenye marobota ya mitumba sokoni Meru, ambako gari la chuma linalala katikati ya viatu vya watoto na halijaandikwa skeli yake popote. Kwa hiyo nina sheria moja: mlango ndio hakimu. Natembea na mtu wa plastiki mfukoni, namsimamisha kando ya gari, na kama hawezi kuingia bila kupiga magoti, au kama anaweza kuingia pamoja na ng'ombe wake, hao hawatakaa ubao mmoja. Tofauti ndogo jicho husamehe. Ng'ombe wa thelathini na mbili anaweza kula nyasi karibu na mtu wa thelathini na tano, utasema tu ni ng'ombe wa gredi, wale wakubwa wa maziwa. Wakati mmoja nilimchukua mbwa wa ishirini na nne, nikamkata masikio na mkia, akawa ndama. Hakuna mtu Meru nzima aliyewahi kulalamika.

Wa kwanza kunicheka kwa haya yote alikuwa mama yangu, na hachoki. Anaishi kwetu, chini huko Mitunguu, kati ya migomba na mfereji wa maji. Huwa ananiuliza wale watoto wangu wa plastiki wamekula nini. Nami namrudishia. Mama ameinama sana sasa, anatembea uso ukiangalia ardhi, na mzaha wetu wa nyumbani ni kumuuliza kama ile sindano aliyoangusha ameipata. Anajibu kwamba bado, na kwamba akiipata atanidunga nayo.

Kuna kitu kingine mama anacho. Juu ya paji la uso, pale nywele zinapoanza, kuna bonde kwenye mfupa. Ukipitisha kidole kinazama. Ni njia ya ukanda wa ngozi, ule ambao wanawake wa kwetu hupitisha kichwani ili kubebea mzigo mgongoni. Kuni zimepita hapo, maji yamepita hapo, na pia kanisa limepita hapo. Kanisa letu la zamani limejengwa kwa mawe ya mtoni, na barabara ya kufika mtoni haikuwepo. Lori lilikuwa likisimama juu kule, limezima injini, dereva amelala, na wanawake wanapandisha mawe kwa migongo mpaka kwenye uwanja liliposimama. Mama alikuwa mmoja wao.

Basi kanisa likajenga jengo jipya, la mabati ya rangi na madirisha ya vioo, na lile la mawe likaachiwa watoto wa Jumapili. Komiti ya maendeleo ikaamua kwamba mlangoni mwa jengo jipya pawekwe diorama ya historia yote, tangu mawe mpaka leo. Mtu wa kuitengeneza alikuwa mmoja tu kusini na kaskazini mwa Imenti, naye ni mimi. Nilikubali haraka kuliko ilivyonipasa, na sababu yangu ilikuwa lile bonde. Nilitaka yeyote anayeingia kanisani aone wanawake wamebeba, na aone ukanda umepita kichwani mwa mama yangu. Mengine yote kwangu yalikuwa mapambo.

Mwenyekiti wa komiti ni mwalimu mkuu mstaafu. Ni mtu mzuri kwa ujumla, isipokuwa hajawahi kuambiwa kwamba alistaafu. Alinialika kwenye kikao, akasimama, akavuta suruali juu.

"Sisi tumeketi tukapanga," akasema. "Gesti wa heshima, yule mgeni aliyetuwekea msingi, atakuwa mkubwa kabisa. Halafu mimi. Halafu pasta. Wazee wa kanisa watafuata hapo. Akina mama weka tu huko nyuma, wadogo wadogo, wengi, ijae."

"Mwenyekiti, kwa diorama watu hawapimwi kwa cheo."

"Kwani wanapimwa na nini?"

Wazee wakatingisha vichwa. Lilikuwa swali zuri, kwa maoni yao. Na kusema kweli sikushangaa. Kwetu mtu mkubwa huketi kiti kikubwa, hupewa kipande kikubwa cha nyama, na kwenye picha ya harusi husukumwa mpaka katikati hata kama haijui familia. Kwa nini asiwe mkubwa kwenye plastiki? Mwenyekiti alikuwa ameshachagua hata skeli, bila kujua ni skeli. Alitoa mfukoni mtu wa moja kwa ishirini na nne, aliyenunuliwa Nairobi, amevaa suti.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nilikuwa nimebeba lori langu la thelathini na tano. Nikaliweka mezani, nikamsimamisha mwenyekiti wa plastiki kando yake. Kichwa chake kilikuwa sawa na paa la kibanda cha dereva. Nikawaambia kwa hesabu hii mwenyekiti ana zaidi ya futi nane, na hawezi kuingia kwenye lori wala kanisani. Kisha nikatoa mwanamke wa sabini na mbili, kama wale waliowataka wajae huko nyuma, nikamweka miguuni pake. Alimfika chini kidogo ya paja.

"Mkiweka hivi," nikasema, "historia yetu itakuwa jitu limesimama, watoto wa chekechea wanalibebea mawe. Watu wa haki za watoto watatufunga sisi wote."

Pasta akakohoa. Ni mtu wa Gachoka, ametoka kule Mbeere na ukame wake, na hapotezi maneno kama vile hapotezi maji. Nilijua anacheka kwa sababu aliangalia dirishani. Wazee hawakucheka. Mmoja alisema kwamba wanawake wakiwa wakubwa kama mwenyekiti, hiyo itakuwa ni kuleta siasa kanisani.

Hapo nikakasirika. Sikupiga kelele. Nikawaeleza kwamba mtu wa sabini na mbili hapakwi ukanda. Kichwa chake ni kama punje ya mtama. Ukimpaka ukanda atakuwa ameumia kichwa na amefungwa bendeji. Ili ukanda uonekane, wanawake ni lazima wawe thelathini na tano, wakae mbele, na kila aliye karibu nao awe thelathini na tano pia, hata angekuwa nani. Wakaniuliza ukanda gani. Nilimaliza chai yangu nikaondoka, na kwa muda nilidhani kazi imeniponyoka.

Kilichoniokoa ni helikopta.

Siku ya kuweka msingi wa jengo jipya, gesti wa heshima alikuja na helikopta kutoka upande wa Embu. Ilitua kwenye shamba la nyasi kando ya kanisa, ikang'oa hema, ikapeperusha mabati ya choo cha wanaume pamoja na faragha ya mzee aliyekuwa ndani, na kuku wa jirani wakakataa kutaga kwa kipindi kirefu. Kwa mwenyekiti hiyo ndiyo siku kuu ya maisha yake. Alipiga picha na ile helikopta kutoka pande zote, kama mtu anayetaka kuinunua. Na sasa alinijia kibandani Nchiru, ameshika boksi kifuani.

"Nimeipata," akasema. "Hii lazima iingie."

Ilikuwa helikopta nzuri kwa kweli. Nikageuza boksi. Moja kwa sabini na mbili.

Niliunganisha mbele yake vipande vichache kwa utepe, bila gundi, nikamwomba yule mtu wake wa suti. Nikamsimamisha kando ya mlango. Mwenyekiti wa plastiki aliipita helikopta yote kwa urefu.

"Mlango ndio hakimu," nikamwambia. "Hapa unaonekana umeileta mwenyewe kwa mkono, kama kuku wa kuuza."

Akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Wanafunzi wawili waliokuja kupiga kopi wakaangalia pia, wakasema, "Mzee, hiyo ndege ni ya kwako ama ni toi?" Akawatazama kama mwalimu mkuu, wakarudi kwenye kopi zao.

"Sasa itakuwaje?" akaniuliza.

"Kwa ubao unaweza kufanya mbele iwe karibu na nyuma iwe mbali. Vitu vya mbele, skeli kubwa. Vitu vya nyuma, skeli ndogo, jicho litasema ni umbali. Helikopta ni ndogo, kwa hivyo inakaa nyuma, juu kwenye kilima. Na kila anayesimama na helikopta lazima aenee kwa mlango wake. Mbele kutabaki mto, lori na akina mama."

"Kwa hivyo nikitaka kuwa mkubwa..."

"Unakaa mbele, mtoni, na wanaobeba mawe."

"Na nikitaka kuwa na helikopta..."

Nilimwonyesha kiungo cha kidole gumba changu.

Sijawahi kumwona mtu akipigana na nafsi yake namna ile, na nimekaa miaka kando ya wanafunzi wanaosubiri matokeo. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akanywa soda yote. Mwishowe akasimama, akavuta suruali.

"Niweke na helikopta," akasema.

Komiti ikapitisha. Wazee waliposikia mwenyekiti anakaa kwa helikopta, hakuna aliyetaka kubaki mtoni. Mmoja mmoja walinipigia simu kuhakikisha wako huko juu, karibu na mlango, na kila mmoja nilimwambia ndiyo, nafasi ipo, nyinyi wote mtaenea kwenye kifuniko cha soda. Pasta peke yake alisema, "Mimi popote."

Nikafanya kazi. Wanawake wangu walitoka kwa wanajeshi wa vita vya watu wengine. Niliwavua bunduki, nikawakata kofia, nikachonga vifua na nyonga kwa simiti ya meno niliyoiomba kwa fundi wa meno pale Meru, nikawavalisha leso za karatasi ya shashi iliyolowekwa kwenye gundi. Nyuso zao zilibaki na ukali kidogo, lakini ukiwajua wanawake wa kwetu wakiwa na mzigo, hilo halikuhitaji kurekebishwa. Ndama wangu, yaani mbwa, akapata nafasi kando ya maji. Mama nilimweka mbele kabisa, wa kwanza kutoka mtoni, mguu mmoja kwenye jiwe la kukanyagia. Ukanda wake niliutengeneza kwa ngozi ya glavu kuukuu, nimeinyoa kwa wembe mpaka ikapitisha mwanga. Mgongoni nilimpa jiwe la plasta, la ukubwa wa punje ya hindi. Nililipigia hesabu. Nilisema mwanamke wa mwili kama wake, kwenye mteremko ule, hawezi kupandisha zaidi ya hapo, na nilijiona nimekuwa mwangalifu sana.

Siku ya kufungua ilifika. Palikuwa na maombi marefu, na kitambaa cha zambarau, na kitambaa kikavutwa. Watu walijaa kwenye kioo. Watoto walikimbilia helikopta, na mwenyekiti alikuwa hapo na kijiti cha kuchokolea meno, akionyesha, "Huyu ni mimi. Hapana, huyo ni mzee wa kanisa. Huyu. Huyu hapa." Nyanya mmoja alimuuliza kama alikuwa mgonjwa wakati huo. Huko mbele wanawake wazee walisimama bila kelele, mitandio mikononi. Wawili walikuwa wamejishika vichwa, pale juu ya paji la uso, na sidhani walijua wamejishika. Nilifurahi, sioni haya kusema.

Kisha mama akafika, akainamisha uso wake ulioinama tayari, akasogeza miwani.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanda umeweka vizuri." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Na hii jiwe ni ya nani?"

"Ni yako."

"Hii si yangu. Hii ni ya kufukuza ng'ombe."

Aliyasema kwa Kiswahili, si kwa Kimeru chetu, ili pasta asikose hata neno. Watu wakaangua kicheko. Nikaanza kumweleza habari za skeli, na mwili wa binadamu, na mteremko. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mtu wa kuuza mbegu za mbali. Kisha akanishika mkono wa koti akanivuta nje, nyuma, mpaka kwenye kanisa la mawe, kwenye kona ya upande wa mlango. Akapapasa ukuta bila kuangalia, akasimamisha mkono.

"Hii."

Lilikuwa jiwe jeusi lenye mshipa mweupe uliokatiza kona moja. Nikamuuliza amejuaje. Akasema mshipa huo ulikuwa unamkwaruza hapa, akajigusa chini ya bega. Mimi hutembea na futi ya kupimia kama wengine wanavyotembea na leso. Nikapima urefu, nikapima upana. Unene sikuweza, uko ndani ya ukuta, lakini akanionyesha kwa mikono yake miwili na mikono hiyo haikusitasita. Nikagawanya na thelathini na tano papo hapo. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Jiwe langu lilikuwa punje ya hindi. Jiwe lake lilikuwa haragwe, tena lile kubwa.

"Ulibeba hii peke yako?"

"Wewe ulikuwa tumboni," akasema. "Kwa hivyo tulikuwa wawili."

Akaenda kutafuta sahani yake ya chakula.

Nilimwomba mwenyekiti anifungulie kioo. Akakataa kwanza, akisema diorama imeshaombewa, na haijulikani ukifungua baada ya maombi inakuwaje. Tukapatana kwamba nitaifungua, na papo hapo nitampaka yeye miwani ya jua. Kwa skeli yake hiyo ni nukta moja nyeusi. Niliipaka, na hadi leo anasema inafanana naye.

Mama wa plastiki nilimng'oa nikaenda naye nyumbani Mitunguu. Nilishuka mtoni nikaokota kijiwe chenyewe, cheusi, nikakisugua mpaka kikafika vipimo vya haragwe, na mshipa mweupe nikauchora. Sikutaka plasta tena. Niliketi kwenye meza ya mama jikoni, nikalitoa lile la kufukuza ng'ombe, nikaligandisha lile la kweli chini ya ukanda.

Akaanguka chali.

Nikamsimamisha. Akaanguka chali tena, jiwe chini, miguu juu, kama mende. Nikampanua miguu, akaanguka. Nikamwongezea gundi kwenye nyayo, gundi ikanyanyuka pamoja naye. Nilimtukana kidogo. Mwili niliompa ulikuwa wa mwanajeshi aliyesimama wima, na mwili wa namna hiyo haukuweza kubeba mzigo ule hata kwa dakika.

Kwa hiyo nikawasha mshumaa, nikapasha sindano, nikaigusisha kiunoni mwake mpaka plastiki ikalegea, nikamwinamisha kidogo. Akaanguka. Nikampasha tena, nikamwinamisha zaidi, mabega yakaenda mbele, uso ukageuka kuangalia ardhi. Akayumba. Nikamwinamisha zaidi ya nilivyotaka, mpaka nikajisikia vibaya, kama ninayemfanyia mtu kitu. Nikamwachia.

Akasimama. Nilipiga meza kwa ngumi, hakutikisika.

Nilikuwa bado nimeshika sindano ya moto mkononi mama alipopita kwenda kuangalia sufuria, ameinama hivyo hivyo, pembe ile ile, mgongoni hakuna kitu. Aliona ninamwangalia, akaona na sindano.

"Umeipata?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, nimeipata.